Mkate wa Meza Mbili

Ukungu wa Njombe hauna adabu ya kubisha hodi. Mwezi wa sita, ukifungua dirisha la chumba cha hostia asubuhi, unaingia wenyewe, unapita polepole juu ya meza, unakaa. Masista walikijenga chumba kile upande wa bondeni kwa makusudi, ili ukungu usipate kizuizi. Mgeni akichungulia mlangoni alituona nusu nusu, aproni nyeupe zikitembea bila miguu na bila maneno. Siku niliyoingia mara ya kwanza nilidhani bado nimelala, na hadi leo nikikumbuka miaka yangu pale siwezi kuapa kwamba nilikuwa macho muda wote.

Sababu ya kuikaribisha baridi ndani ni hii. Mkate wa ibada ni unga wa ngano na maji, basi. Hauna chumvi, hauna hamira, hauna sukari. Uji wake mwepesi unamiminwa kati ya mabamba mawili ya chuma yenye moto, yanabanwa, unatoka mkate mpana na mwembamba, mkavu, unaovunjika hata kwa chafya. Ukiukata viduara saa hiyo unapata vumbi. Kwa hiyo tuliupanga kwenye rafu, tukafungua madirisha, tukaenda zetu. Kesho yake ukungu ulikuwa umeshaulainisha, na kikatio kilipita bila kelele. Sista aliyesimamia chumba kile alituambia kwamba kwingine watu hununua mashine ya kutia unyevu. Sisi tulipewa bure, na bado tulilalamika mafua.

Nilikuja pale kutoka Mawengi, Ludewa, baada ya matokeo ya kidato cha nne kunikataa. Mama alikuwa mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na rozari iliyokwisha rangi kwa kushikwa. Ndiye aliyeniombea kazi kwa masista. Aliamini kwamba binti anayeoka hostia hawezi kupotea, na mimi sikumbishia, ingawa kubisha ndiyo tabia niliyozaliwa nayo. Chumba kile kilikuwa mahali pekee duniani ambapo nilinyamaza bila kulazimishwa.

Nilichokipenda zaidi ni siku ya kukata. Viduara vikishatoka, mkate unabaki wavu mtupu wenye matundu, ambao hakuna atakayeubariki wala kuupeleka madhabahuni. Huo tuliunywea chai. Viduara viliingia kwenye maboksi, na maboksi yalikwenda pande mbili. Mengi yalikwenda kwa Wakatoliki wenzetu, parokiani. Mengine yalichukuliwa na Walutheri, kuanzia Njombe mjini hadi Makambako na Ilembula, kwa kuwa waliona ni nafuu kuliko kuagiza Dar es Salaam. Unga mmoja, chuma kimoja, ukungu mmoja. Pale mlangoni yalitengana, yakaenda kuwekwa kwenye meza mbili ambazo watu wake hawaruhusiwi kula pamoja. Sisi ndani hatukuwa na jina lake la ibada. Tuliuita kazi.

Nami, niliyeukata mkate ule miaka yote hiyo, tangu nilipoolewa sikuula kwenye meza hata moja kati ya hizo. Nilikula wavu, na chai.

Mume wangu alikuja kufuata maboksi. Alikuwa mwalimu wa historia, kijana, amehamia shule ya sekondari Makambako, na usharika wake wa Kilutheri ulimtuma kwa sababu alikuwa na safari ya mjini. Akanikuta nimesimama kwenye ukungu na madirisha wazi, akaniambia kwa upole mkubwa kwamba nitapata nimonia. Nikamwambia afunge mwenyewe kama anataka kuwapelekea watu wake makombo. Alicheka mpaka sista akaja kuangalia kuna nini. Mara iliyofuata haikuwa zamu yake, lakini alikuja.

Kila mtu ana wake wa kumshangilia. Wengine wana timu ya mpira. Yeye alikuwa na mwanamatengenezo mmoja, wa wale waliolitengeneza upya Kanisa kule Ulaya karne ya kumi na sita. Si yule mkubwa ambaye kila Mlutheri anamjua, bali mwingine, mtawa aliyeacha utawa, akaoa mtawa mwenzake, akahubiri katika mji mmoja wa mpakani kati ya Wajerumani na Wafaransa. Alinisimulia habari zake tukiwa wachumba, tukitembea kando ya reli pale Makambako, upepo ukinivuta kitenge upande huu na yeye akinivuta upande ule. Watu wa Matengenezo walikuwa wamegawanyika juu ya mkate. Wengine walisema Kristo yumo humo kweli kweli, wengine walisema mkate ni ishara. Mtu wake alisimama na wale wa ishara, akaandika kwa ukali dhidi ya wenzake. Nikamuuliza, sasa huyo wako si alikuwa anampinga huyo mkubwa wenu? Akasema hilo si hoja, hoja ni kwamba alikuwa na msimamo. Kutoka kwa mtu huyo alijitengenezea kanuni yake mwenyewe: watu wakubaliane kwanza katika mafundisho yote, ndipo wale pamoja. Wakila kabla ya kukubaliana, wanadanganyana.

Nilimpenda hata akisema hayo. Alikuwa anasema huku ananikinga na vumbi.

Kwetu mwanamke akiolewa humfuata mume kanisani, na wengi wala hawaoni kwamba ni jambo la kujadili. Mimi nilikubali nimfuate. Nilihudhuria darasa la wanaojiunga, ambalo mwalimu wake, usharika mzima ukiliona hilo kuwa zuri, alikuwa mchumba wangu. Siku ya kupokelewa ilikuwa na utaratibu wake. Mwalimu anasimama na watu wake mbele, mchungaji anamuuliza kama wanakubaliana na mafundisho, mwalimu anajibu kwamba wanakubaliana, kisha kila mmoja anaulizwa maswali yake. Maswali yalikuwa matatu, ya Baba, ya Mwana na ya Roho Mtakatifu. Mwaka ule mchumba wangu aliongeza la nne. Mchungaji alikuwa mzee, na aliwaamini sana vijana waliosoma, akalikubali. Liliuliza hivi: Je, unalikana kanisa ulilotoka na mafundisho yake?

Mama alikuja kutoka Mawengi na galoni la maziwa ya mgando. Alikaa benchi la mwisho, amevaa sare ya akina mama wa parokia yake, kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri. Nilijibu matatu ya kwanza vizuri. Lilipofika la nne niligeuka nikamtazama. Hakuwa amekunja uso. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anasikiliza kwa heshima, kama mtu aliyealikwa kwenye nyumba ya watu na hataki kuwaaibisha. Mabati yalikuwa yanapigwa na upepo. Nilisubiri jibu lije mdomoni, halikuja, wala la ndiyo wala la hapana. Basi nikarudi nyuma kati ya mabenchi, hatua ambazo nimezitembea ndotoni mara nyingi kuliko njia yoyote ya kwetu, na mama akasogea kunipa nafasi.

Ndoa ilifungwa hata hivyo. Mchungaji mzee alisema ndoa si darasa, akatufungisha ndoa ya mseto, kila mtu na kanisa lake. Lakini kanisa langu nalo lilikuwa na sheria zake. Paroko wa kwetu alinieleza bila ukali kwamba nimeolewa nje ya Kanisa, siwezi kupokea komunyo mpaka nimlete mume tuirekebishe ndoa, naye aridhie watoto walelewe Kikatoliki. Mume wangu akasema hawezi kuridhia asichokiamini. Hivyo nikabaki katikati.

Tulikaa Makambako, mji wa upepo. Nilijaribu kuoka nyumbani kwa chuma kikuukuu nilichopewa na masista, mkate wote ukakauka na kupasuka kabla sijaugusa. Nikaamua kila wiki niende Njombe, nilale kwa masista, nikate, nirudi. Safari ile niliipenda kuliko nilivyosema. Unaondoka kwenye jua na vumbi, macho makavu. Mbele kidogo mipaini inaanza, halafu mashamba ya parachichi, halafu hewa inabadilika na kioo cha dirisha kinaota jasho. Mahali fulani njiani, sijawahi kupajua ni wapi hasa, nilikuwa natoka kwa mume wangu na sijafika kwa watu wa kanisa la mama yangu. Nilifumba macho hapo. Sikuwa Mlutheri wala Mkatoliki, nilikuwa mtu mwenye kikapu magotini, na nafsi yangu ilipumzika.

Jumapili nilikwenda na mume wangu. Wakati wa Meza ya Bwana watu walipanga mstari, yeye akiwa mbele kwa kuwa alishakuwa mzee wa kanisa, nami nilibaki kwenye benchi na watoto wadogo na wale waliotengwa kwa muda. Kulikuwa na mabinti waliopata mimba nje ya ndoa, kulikuwa na baba mmoja mlevi wa ulanzi, pombe ya mianzi. Tulizoeana. Walikuja, wakatubu, wakarudishwa mezani, wakaja wengine. Mimi nilikuwa mwenyeji wa benchi lile, nikiwaonyesha pa kukaa. Nilitania hivyo nyumbani na mume wangu alicheka, lakini siku nyingine nilipoona sahani ya mkate niliokata kwa mikono yangu ikipita mbele ya watu wote, nililia, na siku hizo sikumtania mtu. Nilitaka kula. Sikuwa na maneno makubwa ya kulielezea jambo hilo. Nilitaka kupiga magoti karibu na mume wangu, nipewe, nile.

Ningeweza kupita pengine. Wachungaji walibadilika, na mmoja aliniambia pembeni kwamba nije siku mwalimu akiwa safarini, atanipokea bila swali lile. Nilikataa. Mlango ulifungwa na mume wangu, nilitaka ufunguliwe na yeye. Najua mnavyosema kuhusu watu wenye vichwa vigumu, na wanangu wameshasema yote.

Swali lile nalo lilikua. Kila mwaka walioingia waliulizwa, nao walijibu ndiyo, wengi wao mabinti kutoka Ludewa na wengine kutoka Makete ambao walitoka madhehebu mengine. Mchungaji mzee alifariki. Waliokuwepo mwaka ule walihama au walisahau. Mume wangu hakumkumbusha mtu kwamba swali ni lake, kwa sababu hakuona haja. Maneno yale yakawa yanajulikana kwa moyo, yakasimama sawasawa na yale matatu ya kale.

Mama alifariki wakati wa baridi. Tulimzika Mawengi kwa misa ya wafu, kwaya ikiimba kwenye mvua nyepesi, na mume wangu alisimama nyuma kabisa na kofia mkononi. Hakupiga magoti walipopiga magoti. Lakini nilimwona akimtazama mama kwa muda mrefu kabla jeneza halijafungwa.

Tulipofika Makambako ndipo aliporudi kwa mtu wake, yule mwanamatengenezo. Kilibainika kitu ambacho kilinifanya nicheke na kukasirika kwa pamoja: ujana wake wote alimjua nusu tu. Chuoni mtihani uliishia katikati ya maisha ya yule mwanamatengenezo, na mume wangu, mwanafunzi mzuri, aliishia hapo hapo. Sasa alitafuta mengine kwenye simu, akawa anayasoma Jumamosi asubuhi karibu na jiko, miwani puani, akinisomea vipande huku nikimenya viazi. Yule mtu, aliyekuwa mkali hivyo, alikuja kusoma vizuri maandishi ya upande wa pili. Akagundua kwamba wale aliowapiga hawakuwa wanasema alichodhani wanasema. Akakiri hadharani kwamba hakuwa amewaelewa. Toka hapo akawa msafiri, mji hadi mji, akitafuta maneno ambayo pande zote mbili zingeweza kuyatamka bila kudanganya. Alipata machache. Rafiki zake wa zamani wakamwona kigeugeu, wale wapya hawakumwamini kabisa. Aliyeanza kwa kusema nani yumo gizani aliishia kuuliza ni kiasi gani cha kutokukubaliana ambacho upendo unaweza kukibeba.

Lakini si kwamba alikuja kukubali kila kitu, mume wangu alisisitiza, kidole juu. Mfalme mkuu alipotaka kuwaunganisha watu kwa amri, yeye alikataa, akapoteza mji wake, akahamia Uingereza akiwa mzee mgonjwa. Baridi ya huko ilimtesa. Hakukizoea hata chakula chao. Mwishowe mfalme wa Waingereza akampa fedha za kununua jiko la kupasha chumba joto. Nikaacha kumenya. Hapo ndipo nilipompenda yule mtu, ambaye kwa miaka yote nilimwona kama mwanamke wa pembeni wa mume wangu. Mzee wa watu, mgeni, hakubaliani na yeyote kikamilifu, amekaa karibu na jiko la kuletewa.

Sikukuu ya Matengenezo ilipofika, mwalimu alipewa nafasi ya kufundisha baada ya ibada. Alieleza habari za mtu wake mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema kwamba swali la nne ni yeye aliyelitunga, alikuwa kijana, lilikuwa kosa, anaomba liondolewe. Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Jibu lao lilikuja kupitia kwa mwenyekiti, mtu wa makamo, mfanyabiashara wa mbao, muungwana. Alisema kwamba maneno yale yametoka kwa wazee wa Matengenezo wenyewe, yamepokelewa, na mwalimu, pamoja na heshima zote, hana mamlaka ya kuyafuta. Mume wangu akasema ni yeye aliyeyaandika, kwa kalamu ya wino, kwenye dawati la shule. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mwalimu amefiwa na mama mkwe, amechoka.

Aliniletea habari hiyo akiwa amekaa kitandani na viatu vyake. Ujana wake ulikuwa umemshinda mbele ya watu. Sikumwonea huruma sana siku ile, nitasema ukweli. Nilimwambia maji ameyakoroga mwenyewe, ayanywe. Lakini nilimvua viatu.

Jumapili iliyofuata hakwenda mezani. Alipanga mstari wa watu, akamwongoza wa mwisho mbele, kisha akaja kukaa karibu na mimi, kwenye benchi langu. Nilidhani anaumwa. Iliyofuata akafanya vile vile. Ikawa miezi. Mzee wa kanisa asiyekula ni jambo linaloonekana, na watu walianza kujiuliza kuna dhambi gani. Hatimaye mwenyekiti na mchungaji kijana aliyekuwepo sasa wakaja nyumbani, wakasalimia kwa adabu, kamwene, kamwene, wakanywa chai, wakauliza. Nilikuwa jikoni, mlango wazi. Mume wangu akawajibu kwamba nyumbani kwake kuna mtu mwenye njaa, na hawezi kuendelea kushiba peke yake.

Walipoondoka nilitoka jikoni nikiwa na mwiko. Wengine wangeona ni maneno mazuri. Mimi nilikasirika sana. Nilimwambia kwamba alinifungia bila kuniuliza, na sasa anafunga njaa kwa ajili yangu bila kuniuliza, na kwamba njaa ile ni yangu, asinichukulie. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akanivutia kiti.

"Mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu tupate watoto, "unaamini nini kuhusu huu mkate?"

Nilikaa. Darasani alinifundisha ninachopaswa kuamini. Paroko aliniambia ninachopaswa kuamini. Mama alinifundisha, masista walinifundisha. Nilikuwa nimeuoka na kuukata mkate ule tangu nikiwa msichana, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Nililia kwanza. Kisha nikamwambia kwamba ninajua kilichomo tunapoufunga kwenye maboksi, ni ngano na maji na ukungu. Na ninaamini kwamba mezani kunakuwa na mtu. Yupo kweli, si kwa kuwazwa tu. Namna anavyofika sijui, wala sijawahi kumwona akipita dirishani kwetu.

Akasema naye anaamini hivyo, na hajui zaidi.

Tukaendelea. Chakula kiliungua tukiwa tunaulizana, kama wachumba. Katika mengi tulikutana, na katika mengine tulikuwa tumekutana zamani bila kujua. Tulikwama kwenye marehemu. Mimi namwombea mama yangu kila siku, nitamwombea mpaka nami niombewe. Yeye akasema hapo hawezi kunifuata, aliyekwenda yuko mikononi mwa Mungu na maombi yetu hayamfikii. Tulijaribu kulizungusha jambo hilo huku na huku, halikulainika. Tukaliacha mezani na sufuria.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliofuata, siku ya kuwaombea marehemu wote, nilikwenda Mawengi kuwasha mshumaa kaburini. Alisema atanisindikiza. Kulikuwa na watu wengi makaburini, Kipangwa na Kiswahili vikichanganyika, paroko akipita na maji ya baraka, na moshi wa mishumaa ukilala chini chini. Wingu liliteremka hata sikuona kaburi la tatu. Mshumaa wangu ulizimika kila nilipouwasha. Basi akavua koti, akachuchumaa, akauzingira kwa koti lile. Nilisali rozari nzima. Hakuitikia hata mara moja, midomo yake ilikuwa imefungwa, na nilishukuru kwamba hakuigiza. Miguu ilimfa ganzi, ikabidi nimwinue kwa mikono miwili.

Wazee wa kanisa hawakuwahi kukubali kwamba yeye ndiye mwandishi. Lakini mzee asiyekula aliwachosha, na mchungaji kijana akapata njia: swali la nne lisimamishwe kwa muda, mpaka litakapojadiliwa ngazi za juu. Halijajadiliwa hadi leo na sidhani kuna anayeharakisha. Nikaandikishwa pamoja na mabinti wawili wanaoolewa na kijana mmoja wa bodaboda. Nilikuwa na umri wa kuwazaa wote. Mume wangu alikuwa mwalimu wetu, akatufundisha kwa sauti ya chini.

Jumapili ya kupokelewa nilivaa kitenge kipya. Tulisimama mbele, na mchungaji alianza na sisi kabla ya kumgeukia mwalimu, kwa sababu alikuwa hajauzoea utaratibu wetu. Aliniuliza la Baba, nikajibu naamini. La Mwana, naamini. La Roho Mtakatifu, naamini. Kisha kukawa na pengo. Watu walikuwa wamezoea kwamba hapo linakuja jingine, kanisa zima likangoja, na mchungaji naye akasita, macho kwenye kitabu. Angeweza kupita. Mimi ndiye niliyeshindwa kupita. Sikuwa nimepanga, naapa. Nilisikia sauti yangu.

"Lile la zamani nina jibu lake, mchungaji. Hapana. Kanisa la mama yangu silikani."

Mabenchi yalinong'ona. Mwenyekiti aliinuka nusu, akakaa. Niliona jasho kwenye paji la uso la mchungaji, kijana wa watu, na nikajua kwamba nimeiharibu siku niliyoingoja maisha yangu, kwa mdomo wangu mwenyewe.  Mchungaji akatafuta pa kushika, akakumbuka sehemu aliyoiruka, akamgeukia mume wangu kama utaratibu unavyotaka.

"Mwalimu, huyu anakubaliana na mafundisho yetu?"

Jibu lilikuwa moja, wanakubaliana, na nimemsikia akilitoa kwa ajili ya watu wasiojua hata waliulizwa nini. Alinitazama. Alikuwa amezeeka, niliona hapo, miwani imeteremka puani.

"Si katika yote, mchungaji," akasema. "Namleta hivyo hivyo."

 Mchungaji akafunga kitabu, akaenda kuchukua sahani. Mume wangu akapiga magoti kushoto kwangu, akanisogezea mto, tukangoja zamu yetu.